Nukta

Kwenye ramani ya idara, ghorofa ya tatu, Sarajevo,
barabara kuu ya taifa ina mistari ya aina tatu:
mzito wa kijani, ndiyo lami iliyokwisha kukatiwa utepe;
uliokatika-katika, ndipo matingatinga yamo kazini,
au yamezimwa yakingoja mkandarasi alipwe;
na nukta.
Nukta ni mimi niliyeziweka.
Nilikuwa kijana, kalamu ilikuwa mpya,
nikaenda nazo tik, tik, tik kando ya mto Bosna
hadi moja ikatua juu ya paa la Hajrija.

Sikumjua. Kwa kipimo changu nyumba haionekani,
mplamu hauonekani, wala mwanamke anayeanika soksi.

Miaka kumi na tisa aliishi ndani ya nukta.
Paa lilipovuja fundi alimwambia: vigae vipya vya nini,
na nyumba yenyewe ni ya kubomolewa?
Akatega sufuria. Mwaka uliofuata, beseni.
Kisha akazoea kulala upande wa kushoto.

Kila uchaguzi ulipokaribia walikuja wapimaji,
Zdravko na wenzake, na darubini ya miguu mitatu,
wakapigilia vigingi vya utepe mwekundu katikati ya bustani.
Wakanywa kahawa. Wakahesabu miplamu, hamsini na miwili,
kila mmoja wakauandikia umri na bei.
Ule wa kisimani Hajrija alikataa usiandikwe.
Nermin aliupanda asubuhi,
jioni akapanda basi la Linz.

Uchaguzi ukipita, vigingi vilibaki.
Aling'oa vinne, akayasimikia maharage,
na maharage yakaitambaa serikali hadi kileleni.

Njia ya mwongo, husemwa, ni fupi.
Hii yetu ilikuwa kilomita mia tatu na ushei,
ikifunguliwa tonge kwa tonge, tisa hapa, sita kule,
na katikati barabara ya zamani,
malori yamejipanga nyuma ya trekta la nyasi.
Dereva alikimbia dakika nne kama mfalme,
kisha akarudishwa mashimoni kwa wenzake.

Halafu fedha zikaja, sijui za benki gani.
Mlima ukatobolewa. Usiku vikombe vililia kabatini,
naye akafunga mizigo: cherehani,
picha ya marehemu, mbegu ndani ya karatasi.
Mhandisi akakuta udongo unaoteleza,
akaamuru mstari usogezwe mita arobaini.
Niliusogeza kwa kidole kimoja
kabla ya chakula cha mchana.

Barua aliyopelekewa ilikuwa na sentensi mbili:
kwamba mali yake haitaguswa,
na kwamba fidia, kwa sababu hiyo, haipo.

Sasa daraja linapita nyuma ya miplamu, juu kwa juu,
nguzo kumi na nne zimekanyaga ng'ambo ya ua.
Saa nne asubuhi kivuli chake huingia uani
bila kupiga hodi, kikapita juu ya kuku, kikatoka.

Mwezi wa nane Nermin alikuja kwa gari kutoka Linz,
njia nzima lami, isipokuwa mipakani.
Hajrija alikuwa amekwisha kuinjika mdila.
Simu ikalia.
"Mama, nimekupita.
Nimeliona paa. Nimeuona na mti, umekuwa mkubwa!
Sekunde saba hivi, kisha mlima ukanimeza.
Pa kutokea ni kilomita ishirini na mbili mbele."

"Haya," akasema, "nenda ukageuze."

Akatoka nje, akainua uso kuelekea yale magari
yanayovuma, yote, meupe, meusi,
kana kwamba mojawapo lingeweza kupunguza mwendo.
Mimi nilikuwa mezani pake na karatasi ya mwisho ya sahihi,
kiti changu kati ya beseni na sufuria.
Aliporudi aliniuliza, bila hasira, kama aulizaye saa:
"Wewe unayechora.
Kilomita ishirini na mbili kwenda, na kurudi.
Kahawa itapoa?"

Nikamwambia itapoa.